Ndege wa Sanduku la Chai

Binti yake Maganga alinikuta kibarazani nikiwa sijamaliza chai. Alikuwa amekuja mwenyewe kutoka Tabata, hakutuma mtu, na alipopiga goti kunisalimia nilijua kabla hajafungua kinywa. "Baba hatunaye," akasema. "Tunazika leo baada ya adhuhuri. Watani wengine wapo, lakini yeye alisema ukiwa bado hai uitwe wewe." Nikamwambia nitakuja. Sikumwambia kwamba mimi na baba yake tulikuwa hatujataniana tangu Waingereza wakitawala nchi hii. Miaka yote iliyofuata tulisalimiana kwa adabu, tukatembeleana Idi na Krismasi, tukachangiana kwenye harusi za watoto, na hatukutaniana hata mara moja. Mtu mgeni wa mambo yetu ataona hilo ni jambo dogo. Mimi ni Mngoni, yeye alikuwa Mnyamwezi. Babu zetu walipigana, halafu vita vikageuka mzaha, na mzaha huo tukaurithi kama wengine wanavyorithi shamba. Mngoni ana haki ya kumwita Mnyamwezi mpagazi, kwa sababu babu zake walibeba pembe za watu wengine mpaka pwani. Mnyamwezi ana haki ya kumwita Mngoni mwizi, kwa sababu babu zangu walipita wakizoa ng'ombe na wanawake. Hakuna kukasirika. Na mmoja akifa, mwenzake huja msibani kufanya fujo, akalizuia jeneza mlangoni na kumsema marehemu mpaka wafiwa wacheke huku wanalia.

Nilipobaki peke yangu na chai iliyopoa, mwaka mmoja ulinirudia wote, na si kwa upole. Nitauandika huo tu. Ukoo wangu, na jinsi nilivyofika shuleni, watayasimulia wanaopenda habari hizo.

Nilikuwa nimerudi kutoka Kampala na elimu ya viumbe, na maswali ambayo hayakumfurahisha mtu. Nilimuuliza padri kwa nini sala za mvua huombwa masika yakikaribia, zisiombwe kiangazi. Nilimuuliza Mama Zuhura, mwenye nyumba yetu pale Temeke, kwa nini chumvi haiombwi kwa jina lake usiku, naye akanijibu kwamba wanaojua hawaulizi. Asubuhi nilifundisha shule ya misheni. Alasiri nilirudi kwenye chumba changu, kimoja kati ya vyumba sita, chenye kuta za udongo zilizopakwa chokaa na dirisha linalotazama uani. Chumba cha pili yake kilikuwa cha Maganga. Alikuwa seremala kwenye karakana ya vitanda Buguruni, mtu mrefu, mwenye sauti iliyofika nyumba ya nne, na hakuwahi kunisalimia kwa jina langu tangu siku nilipohamia. "Mama Zuhura," alisema siku ile ya kwanza, akiniona na sanduku langu mlangoni, "umempangisha Mngoni? Basi lala na sufuria zako kitandani." Nami nikamwambia, "Afadhali umefika, mpagazi. Sanduku hilo hapo, liingize ndani." Akaliingiza kweli, akilalamika kwamba lina uzito wa vitu vya wizi. Jioni tukala pamoja muhogo wa nazi na dagaa, na urafiki ukawa umekwisha fungwa bila mmoja wetu kusema neno jema juu ya mwenzake.

Kazi ya ndege niliipata kwa sababu ya michoro. Kulikuwa na chama kidogo cha Wazungu waliopenda ndege, na mwenyekiti wake alikuwa Memsahib Hollis, mama mwembamba aliyesema Kiswahili cha vitabuni, kila neno limenyooka. Aliona michoro yangu ya membe kwenye ubao wa darasa alipotembelea shule. Chama kilitaka kuwafanyia watoto maonyesho ya ndege wa pwani, kila ndege kwa kimo chake halisi, amekatwa kwa ubao na kupakwa rangi, ili mtoto amwone karibu kuliko porini. Chama hakikuwa na fungu la mishahara. Kazi ilikuwa ya kujitolea. Lakini, akasema Memsahib, makumbusho yalikuwa yakitengeneza chumba cha viumbe, na angehitajika mtu wa kukiandaa na kukitunza. Nikifanya kazi njema kwa mwaka mmoja, kamati ya chama ingelipeleka jina langu. Hakukuwa na Mwafrika aliyewahi kuishika kazi ya namna ile. Sijawahi kutaka kitu, kabla wala baada yake, kama nilivyoitaka kazi hiyo. Niliiona mpaka meza yake, dirisha lake, na koti jeupe nyuma ya mlango.

Nilipomweleza Mama Zuhura, alikuwa anakuna nazi. Hakuacha kukuna. "Umesoma mpaka Kampala, mwanangu, unarudi kukata ndege wa bure?"

"Ni kujitolea, mama."

"Wewe umejitolea. Na huyo Memsahib kajitolea nini?"

Nilicheka. Mji mzima ulinijua kwa maswali, na hilo moja lilimtoka mama mwenye mbuzi ya nazi chini yake.

Mbao tulizipata kwenye masanduku ya chai. Wahindi wenye maduka waliyatupa yakishaisha, na Maganga aliyabomoa taratibu kwa patasi, akanyoosha mbao zake nyembamba, na uani kote kukanuka majani ya chai. Nilichora kwenye karatasi, nikahamisha mchoro kwenye ubao, naye akakata kwa msumeno mwembamba akiwa amekanyaga ubao kwa goti, anaimba. Kisha msasa, kisha rangi nyeupe ya kwanza, kisha rangi zenyewe, zilizotoka Uingereza kwenye vikopo vidogo ambavyo Memsahib alinikabidhi kama mtu anayekabidhi dawa. Kwenye miguu ya korongo tulibishana sana. Ubao mwembamba ulikatika kila mara, nikataka tuinenepeshe, yeye akakataa, akachukua waya wa baiskeli. "Korongo mwenye miguu ya mpishi," alisema, "nani atamwamini?" Yeye pia ndiye aliyekuwa akinilaumu kwa rangi. "Ndege wako wana huzuni, Mngoni. Huyu mtie nyekundu."

"Hana nyekundu. Ndivyo alivyo."

"Nani kasema?"

"Nimemwona kwa macho yangu, Kimbiji."

"Na yeye kakuona wewe, ndiyo maana kahuzunika."

Kimbiji nilikwenda Jumapili kwa Jumapili. Memsahib aliniazima darubini yake, nami nikalala kifudifudi mchangani nikiandika rangi za mabawa, wavuvi wakiniuliza napeleleza nani. Jioni nilirudisha darubini nyumbani kwake mkono kwa mkono, maana hakupenda ilale Temeke. Hakusema hivyo. Alisema unyevu wa Temeke ungeharibu vioo. Nyumba yake ilikuwa hatua chache kutoka baharini, na hata siku hizo nililiona hilo, nikaliacha lipite, kwa kuwa meza na dirisha na koti jeupe vilikuwa mbele yangu.

Ndege waliokauka tuliwaning'iniza kwenye kamba ya nguo, katikati ya kanga za Mama Zuhura. Siku tuliyomtundika kipanga, mabawa wazi, kucha mbele, upepo ulimzungusha mara moja tu na kuku wa Mama Zuhura akapiga ukelele, akakusanya vifaranga wake chini ya kinu, na hakutoka hapo mpaka jua linazama. Kunguru nao wakaja juu ya paa kumtukana. Mama Zuhura akatoka na ufagio. "Nyie watoto, kuku wangu hatagi leo." Maganga akaweka mkono kifuani. "Si mimi, mama. Mngoni ndiye mwenye tabia ya kutisha familia za watu." Nilicheka mpaka brashi ikanianguka. Nikitafuta saa moja ya mwaka ule ambayo ningeikubali irudi, ni hiyo: kuku kajificha, kunguru wanagomba, na ubao wa sanduku la chai umeaminiwa na viumbe vyote vya uani kuwa ni kipanga.

Maonyesho yaliwekwa kwenye ukumbi wa shule moja upande wa Kinondoni. Tuliwafunga ndege ndani ya mikeka, na kwa kuwa mkokoteni ungewagonga, Maganga aliomba ruhusa karakana akawabeba kichwani, safari baada ya safari kutoka kituo cha basi. Memsahib alikuwa amesimama mlangoni na mpishi wake, Pius, na mlinzi wa shule, na Wazungu wawili wa kamati. Nilikuwa na furaha, na mwenye furaha hutania. Nikasema kwa sauti, "Mtazameni mpagazi wangu. Damu haipotei. Tua taratibu, nitakulipa kipande cha shuka kama babu zako." Pius na mlinzi wakacheka. Maganga akatua mzigo, akafuta jasho, akamgeukia Memsahib kwa heshima zote. "Memsahib, mie nakuhurumia. Hesabu vitu vyako. Huyu ni mwizi. Babu zake waliiba ng'ombe zetu na bibi zetu. Akitoka hapa, mkague mifuko." Mlinzi aliegemea ukuta kwa kicheko. Pius alijifunika uso kwa taulo. Memsahib alitabasamu tabasamu la mtu aliyesikia kila neno, akamtafsiria Mzungu wa pembeni yake, naye akaniangalia.

Watoto walikuja, wakashika ndege, wakauliza kama wamekufa. Kwenye kila ndege palikuwa na kibao chenye jina lake, na mwisho wa ukumbi palikuwa na bango la shukrani lenye jina la Memsahib na majina ya kamati. Jina langu halikuwapo, wala la Maganga. Nikamuuliza Memsahib. Akasema waliojitolea ni wengi, na kumtaja mmoja kungewaumiza wengine. Nilitafuta hao wengine kwa macho ukumbini. Nilimwona Maganga tu, anamwonyesha mtoto mguu wa korongo.

Juma lililofuata niliitwa nyumbani kwa Memsahib. Kamati ilikuwa imekaa barazani, chai mezani, kiti changu kimewekwa mbali kidogo na meza. Nilidhani ni habari ya kazi. Memsahib akasema darubini yake haionekani tangu siku ya maonyesho. "Hatumshutumu mtu, Bwana Ngonyani," akasema. Nikamwambia mara ya mwisho niliirudisha mkononi mwake. Akakubali kwamba huenda ni hivyo. Mzungu aliyetafsiriwa maneno yetu mlangoni akasema kitu kwa Kiingereza, akasahau kwamba Kiingereza nilikuwa nacho: kwamba hata rafiki yangu mwenyewe aliwaonya. Nikaanza kueleza utani. Nilieleza vizuri, kama darasani, nikataja vita, nikataja misiba, na kadiri nilivyoeleza nilijisikia nikizidi kufanana na mtu anayetunga. Kisha akaomba kuuona mfuko wangu, kwa utaratibu tu. Niliufungua mezani, kati ya vikombe. Mlikuwa na brashi, kitambaa chenye rangi, na kipande cha muhogo wa kuchoma ndani ya gazeti. Wakautazama muhogo. Hilo ndilo lililonikaa.

Maganga alipopata habari hakutania. Alivaa kanzu yake ya Ijumaa na kofia, ingawa ilikuwa siku ya kazi, akaenda kwa Memsahib peke yake. Aliporudi, Mama Zuhura alikuwa ametupakulia wali na maharage, sahani moja. Maganga akanawa, akakaa, hakula.

"Nimemweleza," akasema. "Kaniambia anajua utani, kasoma habari zake kitabuni. Halafu kaniuliza, lakini kwenye utani huwa kuna ukweli kidogo, sivyo?"

"Ukamjibu nini?"

"Nikamwambia hamna. Akaniuliza tena, pole pole, kama mtu anayemwuliza mtoto. Nikakaa kimya kidogo."

"Kwa nini ulikaa kimya?"

"Nilikuwa natafuta neno."

"Neno gani?"

"Ndiyo nalitafuta mpaka sasa."

Mama Zuhura akasema wali unapoa. Nilikula, na huku nakula nilikuwa namtazama, na yeye alijua namtazama kwa nini. Mimi niliyemuuliza padri na mvua yake sikuweza kuuacha ukimya ule bila kuuuliza. Je, alikuwa na shaka? Kwa muda mfupi tu, mbele ya mama mwembamba mwenye vitabu, aliwahi kufikiri kwamba huenda? Au alinyamaza kwa sababu ya aibu, kama mtu aliyeombwa kuapa kwamba mama yake ni mama yake? Nimelibeba swali hilo miaka mingi, na sijawahi kumwuliza. Siku hiyo nilikuwa naogopa jibu. Baadaye nikawa naogopa kwamba hatajibu.

Kesho yake asubuhi tulikutana kisimani uani. Nilikuwa na ndoo mbili. Nilingoja aseme nazipeleka wapi ndoo za watu. Nilingoja kwa hamu, naweza kukiri, kwa kuwa kama angesema tungekuwa tumepona. Akasogea pembeni kunipisha. "Habari za asubuhi, Mwalimu," akasema. Nami, badala ya kumtupia neno la upagazi nililokuwa nalo tayari mdomoni, nikajibu, "Nzuri, Bwana Maganga." Kuku wa Mama Zuhura alikuwa anatembea na vifaranga wake waliokua. Kamba ilikuwa na kanga tu. Kamati ilininyima kazi, lakini neno lile "Mwalimu" lilininyima zaidi, na lilisemwa na mtu aliyetaka kunilinda.

Darubini ilipatikana. Pius ndiye aliyeniambia, baada ya misa, miezi imepita. Ilikuwa chini ya kikapu cha chakula ambacho Memsahib mwenyewe alizoea kwenda nacho matembezini, imefungwa ndani ya kitambaa cha meza. Memsahib alicheka alipoiona, Pius alisema, akajiita msahaulifu. Hakuna aliyenitafuta. Kazi ya makumbusho ilikuwa imekwisha chukuliwa na kijana wa Kizungu kutoka Nairobi, ambaye, nilivyosikia, alitia bidii. Nilimpelekea Maganga habari hiyo nikitumaini itafungua kitu. Alikuwa anapiga randa. Akaacha, akashika kichwa. "Alhamdulillahi, Mwalimu," akasema. "Ukweli umeonekana." Akaendelea na randa. Niliondoka nikiwa na hasira ambayo sikujua niielekeze kwa nani. Ukweli ulikuwa umeonekana, na haukuwa na kazi tena.

Ndege niliwaona mara nyingine moja tu, kwenye shule ya watoto wa Kizungu, kupitia dirishani, wamepangwa juu ya kabati. Kipanga alikuwa amepoteza ukucha. Kibao kilisema ni zawadi ya Memsahib Hollis. Watu hupenda kuniambia kwamba mambo hayo yalikwisha bendera iliposhushwa. Yalikwisha ya kazi. Kazi nilipata, nikapanda, nikastaafu kwa heshima. Ya kisimani hayakupata bendera ya kushushwa.

Tabata nilifika watu wamejaa hadi barabarani. Vijana walikuwa wamelitoa jeneza uani, wamelifunika shuka la kijani, wanajipanga kulibeba. Binti yake akanionyesha kwa macho tu. Nilikuwa nimefikiri njia nzima kwamba nitakataa, kwamba haki isiyotumika hufa, na kwamba kumtania maiti baada ya kumnyima utani mtu hai ni unafiki. Bado naona hoja hiyo ni nzuri. Lakini walipoliinua jeneza na kuelekea mlango wa ua, niliketi chini kizingitini, magoti yangu ya uzee yakilalamika, nikanyoosha miguu, njia ikazibika.

"Wekeni chini," nikasema. "Nauliza. Huyu si Mnyamwezi?"

"Ndiye, mzee," wakasema.

"Mpagazi mzima. Tangu lini mpagazi anabebwa? Mwambieni ashuke atembee. Na hilo jeneza abebe mwenyewe."

Kicheko kilianzia kwa wazee, kikaenda kwa wanawake ndani, na nikasikia binti yake akicheka na kulia kwa sauti moja. Zamu ilikuwa ya Maganga. Mwili wangu mzima ulikuwa unangoja, kama ulivyongoja kisimani, na shuka la kijani halikutikisika. Ndipo kijana mmoja kati ya wabebaji, mjukuu wake, mrefu kama yeye, sauti kama yeye, akasema, "Mzee Mngoni asitucheleweshe. Kaja kuiba viatu vya waombolezaji. Mkagueni mifuko kabla hajatoka."

Watu walicheka tena. Kijana hakujua alichokisema. Alilisema kama linavyosemwa misibani kote. Nikainuka nikiushika mlango. Nikavuta mifuko ya suruali yangu nje, wa kulia na wa kushoto, ikaning'inia mitupu mbele ya watu wote, na nikalitazama jeneza, siwatazami wao. "Kagueni," nikasema. "Mara hii kagueni vizuri." Nikawapisha wapite.